Mzizi Unaotapisha: Changshan, Malaria na Historia ya Dhana ya Madhara ya Dawa nchini China

Katika maandishi mengi ya historia ya dawa za malaria, mzizi wa changshan hupewa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi huharakia artemisinini. Sentensi hizo aghalabu husema jambo lile lile: kwamba mzizi huu wa jadi ulithibitishwa kisayansi kuwa unatibu malaria, lakini ukaachwa kwa sababu ya madhara yake, hususan kutapisha. Makala hii haipingi kwamba mzizi hutapisha. Inachohoji ni neno "madhara". Hoja inayotetewa ni kwamba kwa karne nyingi kutapika kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya changshan, na matabibu walikuwa na njia za kukuchochea au kukuzuia kadiri walivyotaka. Kugeuzwa kwa kazi hiyo kuwa kasoro kulitokea ndani ya miaka michache tu, baina ya 1940 na 1948, na hakuwezi kutenganishwa na swali la nani aliruhusiwa kuizungumzia dawa hiyo.

Changshan ni mzizi wa kichaka kiitwacho kitaalamu Dichroa febrifuga, jina lililotolewa na João de Loureiro, Mjesuiti Mreno, katika kitabu chake cha mimea ya Cochinchina kilichochapishwa mwaka 1790. Sehemu ya pili ya jina hilo ina maana ya kufukuza homa. Loureiro, bila shaka, alikuwa amekwisha kusikia mzizi huo unatumiwaje. Kwa Wachina wenyewe habari hizo zilikuwa za kale. Shennong bencao jing, kitabu cha dawa kilichokusanywa zama za utawala wa Han, kinauweka mzizi huo katika daraja la chini, yaani miongoni mwa dawa kali za kupambana na ugonjwa ambazo mtu hapaswi kuzitumia kwa muda mrefu. Katika karne ya nne Ge Hong aliutaja mara kwa mara katika maelekezo yake ya kutibu nüe.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa watafiti wengi hutafsiri nüe moja kwa moja kuwa malaria. Nüe ni homa inayokuja na kuondoka kwa vipindi, yenye kutetemeka kwa baridi kunakofuatwa na joto. Bila shaka wengi waliougua nüe walikuwa na vimelea vya malaria katika damu yao, lakini jina hilo lilitolewa kwa kutazama mwenendo wa homa. Msomaji wa Kiswahili haitaji kuelezwa sana tofauti hiyo. Neno letu "homa" limebeba mengi zaidi ya malaria, na kwa muda mrefu "degedege" lilihesabiwa na jamii nyingi kuwa ugonjwa mwingine kabisa, hata pale ambapo tabibu wa hospitali aliona malaria kali ya mtoto. Anayesema kwamba Ge Hong alitibu malaria anasema kweli kwa sehemu, na sehemu inayobaki ndiyo yenye historia.

Maelezo ya jadi kuhusu namna changshan inavyofanya kazi yanahusu belghamu. Ilidhaniwa kwamba belghamu iliyoganda kifuani ndiyo inayoshikilia nüe isitoke mwilini, na changshan ilisifiwa kwa kuitoa. Njia mojawapo ya kuitoa ilikuwa kutapika. Hadi leo vitabu vya kufundishia tiba ya Kichina huiorodhesha changshan katika kundi la dawa za kutapisha. Kwa tabibu wa namna hiyo, mgonjwa aliyetapika baada ya kunywa dawa hakuwa ameharibikiwa na tiba. Huenda tiba ilikuwa imeanza. Lakini matabibu hao hao walijua pia kwamba kutapika kunadhoofisha. Kwa hiyo walitofautisha mzizi mbichi, unaotapisha sana, na mzizi uliokaangwa kwa mvinyo, ambao ulipendelewa pale lengo lilipokuwa kukata homa. Waliuchanganya na viambato vingine, mojawapo ikiwa popoo, ile ile inayotafunwa na tambuu katika pwani yetu. Waliagiza dawa inywewe kabla ya saa ya homa kurudi. Utayarishaji, wenza wa dawa na wakati wa kunywa vilikuwa sehemu ya dawa yenyewe. Kuviita nyongeza za kimila ni kusoma matini hizo kwa haraka.

Mwaka 1929 baraza la afya la serikali ya Guomindang lilipitisha pendekezo la Yu Yan, daktari aliyesomea Japani, la kuiondoa tiba ya Kichina hatua kwa hatua. Matabibu wa jadi waliandamana, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo mgawanyiko ulibaki, na wapinzani wa tiba hiyo waliendelea kuzibeza dawa zake kuwa mizizi ya nyasi na magome ya miti. Vita dhidi ya Japani vilibadili hesabu. Serikali ilihamia Chongqing, kusini-magharibi, eneo lenye malaria nyingi. Kwinini ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka nje. Na Machi 1942 Japani iliteka Java, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa mno ya magome ya sinkona duniani.

Ni katika mazingira hayo ambapo Chen Guofu, kiongozi wa ngazi ya juu wa chama na mtetezi wa tiba ya Kichina, alihimiza majaribio ya mchanganyiko wa mitishamba kwa wagonjwa wa malaria waliotibiwa katika kliniki ya chuo cha siasa cha chama hicho. Homa zilishuka. Baada ya hapo ndipo watafiti walipotafuta ni kiambato kipi kilicholeta matokeo, wakafikia changshan, na mzizi ukakabidhiwa kwa wataalamu wa utambuzi wa mimea, wa kemia na wa famakolojia. Utambuzi wenyewe haukuwa jambo dogo, kwa kuwa jina changshan lilitumika kwa mimea zaidi ya mmoja, na ule uliojulikana kwa jina hilo nchini Japani ulikuwa mmea mwingine.

Mwanahistoria Sean Hsiang-lin Lei, katika makala yake ya mwaka 1999, ameonesha kwamba utaratibu huo ulikwenda kinyume cha ule uliokubalika. Kanuni ilitaka kemia kwanza, wanyama baadaye, binadamu mwisho. Chongqing walianza na binadamu, na uhalali wa kufanya hivyo ulitokana na ukweli kwamba watu walikuwa wakinywa mzizi huo tangu zamani. Lei anaonesha pia kwamba matabibu waliohifadhi maarifa hayo waliachwa nje ya mtandao uliozalisha dawa mpya. Nakubaliana naye, ila nadhani athari ya kuwaacha nje inakwenda mbali kuliko heshima ya kitaaluma. Matabibu walipoondoka, waliondoka na tofauti kati ya mzizi mbichi na uliokaangwa. Kilichobaki mezani kilikuwa mzizi mmoja, kisha alkaloidi moja.

Kwa upande wa maabara, mafanikio yalikuwa ya kweli. C. S. Jang na wenzake walitangaza matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1946 na Nature mwaka 1948. Mwaka 1947 Koepfli, Mead na Brockman, nchini Marekani, walieleza alkaloidi waliyoitenga kutoka katika mmea huo, ambayo leo inaitwa febrifujini, na ambayo katika majaribio ya malaria ya ndege ilizidi kwinini kwa mbali. Lakini binadamu waliendelea kutapika. Mara hii hapakuwa na belghamu ya kutolewa; kutapika hakukuwa na kazi yoyote katika maelezo mapya. Kukawa madhara, na madhara hayo yakatosha kuiondoa febrifujini katika orodha ya dawa za kutumainiwa.

Inaweza kujibiwa kwamba mwili hautapiki kwa sababu ya nadharia, na kwamba kukaanga kwa mvinyo huenda kunapunguza sumu kwa kupunguza alkaloidi yenyewe, yaani pamoja na uponyaji. Pingamizi hilo ni zito, na sidai kwamba jadi ilikuwa na suluhisho ambalo sayansi ilikataa kuliona. Ninachodai ni kidogo zaidi: katika miaka ile, swali la utayarishaji halikuwa kitovu cha utafiti, kwa sababu kitu kilichotafutwa kilikuwa molekuli.

Ulinganisho na qinghao unasaidia. Mradi wa siri wa malaria ulioanzishwa China tarehe 23 Mei 1967 uliichunguza changshan pia, na kikwazo kikawa kile kile. Tu Youyou, aliyejiunga na mradi mwaka 1969, alirudi kwa Ge Hong na kuzingatia kwamba qinghao ililowekwa majini na kukamuliwa, haikuchemshwa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 kimengo chake kikaponya panya. Hapo maelezo ya utayarishaji ndiyo yaliyosomwa kwa makini. Qinghao, tena, haikuwa na tatizo la kutapisha, na panya wa maabara, kwa maumbile yao, hawawezi kutapika. Kipimo hicho kisingeweza kamwe kuonesha kile ambacho changshan ilijulikana nacho zaidi. Vimelea vilivyotumika kwa panya hao, Plasmodium berghei, vilikuwa vimegunduliwa Katanga mwaka 1948. Kutoka qinghao ilipatikana dawa mseto, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006.

Changshan haikufa. Halofuginoni, iliyotengenezwa kwa kurekebisha febrifujini, ilipata soko katika chakula cha kuku, kama kinga ya koksidiosi. Mwaka 2012 watafiti walieleza kimeng'enya ambacho molekuli hiyo hukizuia, kile kinachoiunganisha prolini na tRNA yake, na mwaka 2015 kimeng'enya hicho kikabainishwa ndani ya kimelea cha malaria chenyewe. Tangu hapo wanakemia wanatafuta umbo la molekuli litakalomdhuru kimelea na kumwacha mgonjwa salama. Wanalitafuta kwa kubadilisha atomu.