Mbwa wa Ng'ambo

Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mlinzi wetu alivuka Ruvuma akarudi na mbwa mwekundu mtumbwini. Nikafurahi: chuo kimepata mlinzi wa pili! Kama amechanjwa sikuuliza. Baada ya wiki tatu akamng'ata mwanafunzi kifundoni. Kidonda kidogo, tukakipaka iodini tu. Kumbe kilitakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha sindano upesi. Mimi mwalimu sikulijua hilo. Miezi miwili baadaye kijana akaanza kuogopa maji. Tulimzika.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa Pasteur aliijaribu kwa binadamu tangu 1885!

Kuanzia 2010 mbwa wa Mtwara, wilaya nyingine za kusini-mashariki na Pemba walichanjwa kwa mradi wa Shirika la Afya Duniani. Lengo mbwa 70 katika kila 100. Pemba ugonjwa ulikwisha 2014, ukaingia tena 2016 kutoka ng'ambo ya bahari, ukamalizwa 2018. Wenzetu wamezungukwa na bahari. Sisi tuna mto tu.

Nikiona mbwa anashushwa mtumbwini pale Kilambo, namwuliza mwenyewe cheti cha chanjo. Wengi hucheka.