Kijiji cha maskini ndani ya mji wa Augsburg



Tulikuwa wawili tuliotumwa na komite kwenda Ujerumani mwezi wa kwanza, kwa mwaliko wa marafiki wa shirika letu. Wengi mmetuuliza habari ya baridi. Ni kali kabisa. Theluji inaanguka bila sauti, na mtu aliyezoea joto la ziwa anavaa soksi mbili mbili na bado vidole havisikii kitu. Basi, hayo yaishie hapo. Tunataka kuwaeleza kitu kimoja tulichokiona katika mji wa Augsburg, maana kinagusa yale mabishano ya mkutano wetu uliopita: nyumba za wajane, nani alipe, na pesa zitoke wapi siku wafadhili watakapochoka.

Mji wenyewe ni wa zamani, ulianzishwa na Warumi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ndani yake kuna kijiji kidogo chenye ukuta na malango yake, kinaitwa Fuggerei. Tajiri mmoja, Jakob Fugger, alikiweka wakfu mwaka 1521 kwa ajili ya wafanyakazi na mafundi wa mji walioanguka katika umaskini. Leo kina nyumba 67, na watu kama 150 wanakaa humo. Kodi ni ileile ya mwanzo: gulden 1, ambayo sasa ni senti 88 za euro. Kwa mwaka, si kwa mwezi! Tulimwuliza mwenyeji wetu mara mbili, tukidhani tumesikia vibaya. Umeme na kupasha nyumba moto kila mtu anajilipia. Masharti yapo: uwe Mkatoliki, mkaaji wa Augsburg, mhitaji wa kweli, na kila siku usali Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya Fugger na jamaa yake. Saa nne usiku lango linafungwa. Ukichelewa unamlipa mlinzi senti 50, na ikipita saa sita ni euro 1.

Kitu kidogo kilitugusa. Vyuma vya kuvutia kengele havifanani mlango kwa mlango. Zamani hapakuwa na taa njiani, mtu alipapasa kile chuma gizani akajua kwake ni wapi. Sisi tuliokaa kambini Nyarugusu tukijulikana kwa namba, tulisimama pale muda mrefu.

Lakini tusimsifu Fugger kupita kiasi. Babu yake alikuja mjini mwaka 1367 akiwa mfumaji wa nguo. Jakob mwenyewe alitajirika kwa kukopesha wafalme na kwa madini, fedha ya Tirol na shaba ya Hungaria. Mwaka 2008, huko Namibia, wachimba almasi walikuta mabaki ya merikebu ya Wareno iliyozama karne ya 16, ndani mna tani nyingi za shaba yenye chapa ya akina Fugger. Kwa hiyo shaba yao ilipita kwenye pwani za Afrika siku nyingi kabla shaba ya Katanga haijasafirishwa kwenda Ulaya. Waliochimba kule milimani hawakujengewa kijiji hiki. Sisi watu wa nchi ya madini tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Sasa vita. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Februari 1944 ndege za Waingereza ziliupiga mji kwa mabomu. Ilikuwa baridi kama ile tuliyoikuta sisi, au zaidi, hata maji ya kuzimia moto yakaganda kwenye mipira. Watu kama 730 walikufa, na zaidi ya 80,000 walibaki bila nyumba. Sehemu kubwa ya Fuggerei ilianguka. Wakaaji wengi walipona kwa sababu kulikuwa na handaki chini ya ardhi. Tuliingia humo, ni sehemu nzito. Tarehe 1 Machi, siku chache tu baadaye, vita bado vinaendelea, jamaa ya Fugger ilikata shauri kwamba kijiji kitajengwa upya. Kikajengwa, tena kikapanuliwa kwenye viwanja vya jirani vilivyoungua, na wajane wa vita wakapata nyumba.

Tuliuliza: na pesa? Tulitegemea kusikia jina la serikali au la mfadhili. Kumbe nyingi zinatoka kwenye miti. Wakfu una misitu yake, inakatwa kwa mpango na kupandwa tena, na watalii nao wanalipa kiingilio.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Sisi kila franka inayoingia tunaigeuza matofali na mabati mwaka huohuo, halafu tunaanza kuandika barua za kuomba tena. Nyumba za wajane tunazo, lakini hakuna kinachozilisha. Bati likitoboka tunapitisha kofia, na anayekosa mchango anaona aibu kuja mkutanoni. Hatusemi wajane walipe nyingi. Wawili sisi tunakubali walipe kidogo sana, kitu cha kuandikwa katika daftari, ili mtu awe na haki mlangoni kwake. Fedha ya kutengeneza nyumba itoke kwingine.

Ile ardhi ya mlimani tuliyopewa na mwami bado imekaa bure, na wengine wanataka iuzwe. Tumeomba isiuzwe kabla ya mkutano mkuu. Wanaojua bei ya mbegu za miti waje nayo.