Mkasi Ulikuwa Mkononi mwa Nani?

Nianze na sanduku la bati. Ni la shangazi yangu, nyumbani Izigo, kwenye barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba. Ndani yake kulikuwa na kaseti moja ya video imefungwa kwenye kanga: mkanda wa harusi yake, Desemba 1997. Kwa miaka mingi hakuna aliyeutazama. Deki ilishakufa, na utepe wenyewe ulikuwa umeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Sisi wa kando ya Ziwa tunajua jinsi unyevu unavyokula vitu polepole bila kelele.

Nikauchukua mkanda ule hadi Bukoba mjini. Fundi mmoja akausafisha, akauchezesha kwenye deki ya zamani, akauingiza kwenye kompyuta. Mimi nilitaka jambo moja tu: kumwona bibi. Alipofariki nilikuwa mdogo, sauti yake siikumbuki. Lakini wazee wa pale kwetu mpaka leo wanauzungumza usia aliompa shangazi siku ile. Wanasema alisimama muda mrefu, watu wakacheka, kisha wakalia.

Basi tukakaa mbele ya kioo. Ngoma zikapita, matarumbeta yakapita, bwana harusi akatoa jasho. Hatimaye bibi huyo hapo! Kashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea kibuyu. Akasema, "Mwanangu, nyumba unayokwenda..." Pap! Keki. Maharusi wanalishana keki.

Nikadhani mkanda umeharibika. Nikarudisha nyuma. Nyumba unayokwenda, keki. Nyumba unayokwenda, keki. Sekunde nne. Kwa video ya huku kwetu, yenye picha 25 kwa kila sekunde, bibi yangu kabakizwa picha 100 tu duniani.

Shangazi nilipomweleza alicheka kwa uchungu. "Mpiga video alisema mama kaongea mno, eti mkanda ungejaa."

"Na mkanda ule wa kwanza, ambao haujakatwa?"

"We naye! Si waliurekodia harusi nyingine."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: huyu mtu anayekata picha, ni nani hasa? Nani alimpa kazi hiyo katika nchi yetu, na alianza lini? Nilichokipata ndicho ninachokuletea hapa.

Kwanza tuelewane. Kuhariri picha, kwa lugha nyepesi, ni kuchagua kipi kibaki, kipi kitoke, na kipi kifuate kipi. Zamani, enzi za filamu, kazi hii ilikuwa ya mkasi kweli kweli. Filamu ya milimita 16 ina picha 40 katika kila futi moja. Mhariri aliinua utepe kwenye mwanga, akatafuta mahali pake, akakata, akaunganisha kwa gundi. Vipande vilivyokataliwa vilianguka kapuni.

Hapa Tanganyika kapu hilo lina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walianzisha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika. Msimamizi wa utengenezaji alikuwa Leslie Notcutt, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, kuhusu kilimo, magonjwa, na kuweka akiba posta. Filamu zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha, na hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Walizungusha sinema hizo kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati.

Fikiria kazi ilivyokuwa. Filamu ikikatika katikati ya onyesho, ukiiunga unapoteza picha chache. Santuri haijui hilo. Inaendelea kusema vile vile, na picha inaitangulia. Kwa mfumo wa namna hiyo, kila kovu la filamu lilikuwa uongo mdogo kati ya mdomo na sauti.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nijeria. Huyu bwana alikuwa na nadharia yake, na nadharia hiyo ilitawala miaka mingi. Alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha iliyokatwakatwa. Eti sinema yake iende taratibu, isirukeruke kutoka mahali hadi mahali, isiwe na ujanja wowote wa kamera. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, basi aonyeshwe akitembea, la sivyo mtazamaji atapotea!

Kuna na hadithi maarufu ya kuku. Mwingereza John Wilson aliisimulia, na Marshall McLuhan wa Kanada akaieneza katika kitabu chake cha 1962. Wanakijiji Waafrika walionyeshwa filamu ya kufundisha usafi. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kama kuna kuku ndani yake. Walipoikagua picha moja baada ya nyingine, wakamkuta kweli, akikatiza pembeni kwa kama sekunde moja hivi. Hadithi hii imerudiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba hatujui kutazama.

Iwe ilitokea hivyo au haikutokea, mimi naisoma kinyume. Mtazamaji alimwona kuku ambaye mwenye mkasi mwenyewe hakumwona. Kijijini kuku ni mali ya mtu; akikimbia, kuna sababu ya kukimbia. Sasa nani hapo hajui kutazama?

Tena nadharia ile ingefika Buhaya ingeaibika mapema. Kwetu msimuliaji wa hadithi hatembei na mtu njia nzima. Anamwacha msichana kisimani, anaruka hadi kwa zimwi, anarudi jioni nyumbani kwa mama, na mtoto wa miaka sita anafuata bila kuuliza njia. Wapiga nanga nao, wale wa tendi za Kihaya ambazo Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti kwa shahada yake ya uzamivu mwaka 1986, wanaruka vita na vizazi kwa mguso wa nyuzi tu. Na wasikilizaji wa hadithi wana kiitikio chao, ambacho kwa Kiswahili maana yake ni: ona, nasi tupate kuona. Yaani wanamkabidhi msimuliaji macho yao. Sidhani kama kuna maelezo mafupi zaidi ya kazi ya mhariri kuliko hayo.

Kwa hiyo kukata hakukuwa kugeni kwetu. Kigeni kilikuwa ni mkono ulioshika mkasi. Katika miaka ya 1940 kitengo kile kilikuwa na mpango wa kugawa kamera na filamu tupu kwa maafisa waliokuwa makoloni. Wao walipiga picha, kisha filamu zikasafirishwa London kusafishwa na kuhaririwa huko huko. Shamba letu, jasho letu, lakini uamuzi wa nini kibaki ulifanyika mbali, na watu ambao pengine hawakuwahi kuuona mgomba.

Uhuru ulipokuja tulijaribu kuurudisha mkasi nyumbani. Mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Zikatoka kazi kama *Fimbo ya Mnyonge* katika miaka ya 1970, na *Harusi ya Mariamu* mwaka 1985. Lakini filamu ni ghali, na kila futi ilihesabiwa. Televisheni nayo Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vikafunguliwa Dar es Salaam, ITV kikiwa kimojawapo.

Ulioleta mkasi mpaka vijijini ni mkanda wa video. Teknolojia yenyewe ilikuwa na historia yake. Kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kurekodi video mwaka 1956, na mwanzoni mafundi waliukata utepe huo kwa wembe, huku picha yenyewe haionekani kwa macho kama ilivyokuwa kwenye filamu. Mwaka 1976 JVC ya Japani ikatoa VHS, na baada ya miaka kadhaa mtu wa kawaida mwenye kamera begani, taa na jenereta la kuazima akaweza kurekodi harusi ya jirani.

Kuhariri VHS kulikuwa hivi. Unakuwa na deki mbili na runinga. Ya kwanza inacheza mkanda ulioupiga, ya pili inanakili. Unatafuta mahali, unasimamisha zote mbili, unazirudisha nyuma kidogo ili zishike kasi, kisha unaziachia. Kidole kikichelewa, umemkata mtu mdomoni. Na kila unaponakili, picha inafifia. Kopi ya kopi uso unakuwa kama unatazamwa kupitia chandarua.

Kibaya zaidi ni mpangilio wenyewe. Mkanda ni kama shanga kwenye uzi mmoja. Ukisahau shanga ya katikati, huna budi kuzivua zote zilizofuata na kuzitunga upya. Kwa hiyo nikijaribu kumtetea yule mpiga video wa 1997, naweza. Pengine alikuwa ameshafika kwenye keki, saa nane za usiku, umeme unakatikakatika, ndipo akagundua usia wa bibi unavuka nafasi. Mkanda wa E-180 unachukua saa tatu, basi. Kumrudisha bibi kungekuwa kuanza upya. Na mkanda mtupu ulikuwa pesa. Akarekodi juu yake, naye akala.

Watu walijifunza kucheza na vifaa hivyo hivyo duni. Dar es Salaam Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia jina kwa kuzisimulia kwa Kiswahili sinema za kigeni: sauti ya filamu inashushwa, ya msimuliaji inapanda. Ni ile santuri ya Vugiri imerudi, ila safari hii anayesema ni mwenyeji, na anasema apendavyo. Lile ombi la kwetu, ona nasi tuone, likapata deki.

Halafu ikaja kompyuta. Mfumo wa Avid ulitoka mwaka 1989, programu ya Adobe Premiere mwaka 1991, kamera za MiniDV mwaka 1995. *The English Patient* ya mwaka 1996, iliyohaririwa na Walter Murch, ilikuwa filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa mfumo wa kidijitali kushinda tuzo ya Oscar ya uhariri. Hapa kwetu, filamu ya *Girlfriend* ya George Tyson ya mwaka 2003 ikafungua mlango wa filamu za video tulizokuja kuziita Bongo Movie.

Mabadiliko makubwa hapo si kasi. Ni kwamba katika kompyuta mkasi haukati kitu. Programu inaandika maagizo tu: chukua kuanzia hapa, ishia pale, kisha nenda kule. Picha ya asili inabaki nzima. Ukitaka kumrudisha bibi baada ya keki, unamrudisha, hata baada ya mwaka. Hapa, tofauti na lile kapu la Vugiri, kuchagua hakulazimishi kuharibu.

Ungedhani basi tumepona. Hapa ndipo ninapoona haya.

Mwaka 2021 nilimrekodi mzee mmoja jirani yetu Izigo akisimulia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, jinsi walivyowapokea watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Alizungumza dakika arobaini na kitu, kwa simu yangu. Nilikata kipande cha dakika moja, nikaweka muziki, nikaweka maandishi, nikakirusha. Watu wakapenda sana. Wiki iliyofuata simu ikaniambia imejaa. Nikaifuta ile ya dakika arobaini. Sikufikiria hata mara mbili.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Mjukuu wake alinijia na fleshi mkononi, kwa heshima kabisa, akaniomba mazungumzo ya babu yake. Nikampa dakika moja yenye muziki.

Yule wa 1997 alikuwa na kisingizio cha bei ya mkanda. Maafisa wa London walikuwa na kisingizio cha nadharia yao mbovu. Mimi nilikuwa na kisingizio gani? Fleshi ya bei ya sahani mbili za ndizi ingetosha. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake; sisi tunatupa mti mzima tukabaki na jongoo.

Ndiyo maana, vijana wenzangu mnaohariri kwa simu, siwafundishi mbinu mpya, mnazijua kunishinda. Nawaombeni moja la zamani: ukikata, tunza ulichokata. Kiandike jina, tarehe na mahali, kiweke sehemu mbili, mpe mwenyewe nakala. Mkasi sasa uko mkononi mwetu, hatuna tena wa kumlaumu.

Mimi nimeanza upya. Nimezunguka kwa wazee waliokuwepo harusini, nikiwaomba wanimalizie sentensi ya bibi. Mmoja alisema, "Mwanangu, nyumba unayokwenda ina moto wake, usiende na kuni zako." Mwingine alisema, "Nyumba unayokwenda si ya mume peke yake." Wa tatu, mama mmoja mzee sana, alinyamaza, akatafuna kahawa yake, kisha akasema, "Nyumba unayokwenda, ukichoka nayo, hii bado ipo."

Sijui ipi ndiyo. Nimezitunza zote tatu, pamoja na ule ukimya wa kabla ya ya tatu. Ukimya huo una sekunde kumi na tisa. Sikuukata.