Chui wa Unguja na wenyewe

Semina yetu ya historia wiki hii inataka kila mtu alete mfano wa jinsi ardhi na siasa vinavyogusana. Wengi wamekimbilia reli na mkonge. Mie nimemchukua chui wa Unguja, maana humo kuna kila kitu: msitu, mikarafuu, Mapinduzi na uchawi.

Zamani za barafu Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Bahari ilipopanda, kisiwa kikabaki peke yake na chui wake ndani. Wakawa na madoa madogo kuliko wenzao wa bara, na mwaka 1932 Mwingereza Pocock akawapa jina Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyefanya kazi Zanzibar. Paa nunga naye ana jina la huyohuyo. Mtu mmoja wanyama wawili, jamani!

Sasa fikirieni ukubwa: kisiwa kizima ni kama kilomita za mraba 1,600 tu. Magharibi, kwenye udongo mzuri, mikarafuu na minazi ilishika ardhi tangu karne ya 19. Chui akabakiwa na Jozani na vichaka vya mawe ya matumbawe kule kusini na mashariki. Karne ya 20 watu wakaongezeka, wakaingia hadi huko kulima, kukata kuni na kuwinda paa walewale anaowategemea chui. Akibanwa hivyo atakula nini? Mbuzi wa watu, kuku wa watu.

Hapa ndipo panaponigusa. Vijijini maelezo hayakuwa kwamba msitu umepungua. Ikasemwa chui huyu katumwa, ana mwenyewe: kuna wachawi wanaofuga chui, wanawalisha, kisha wanawatuma kuwatesa majirani. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameifuatilia imani hii kwa miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwafichua wafugaji na kuwaua chui, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wasasi nao wakaendelea na kazi. Vitabu vinahesabu ngozi za chui. Mie nawaza yule mzee aliyenyooshewa kidole mbele ya kijiji kizima. Kesho yake alikwenda kisimani na nani?

Utafiti wa miaka ya 1990 haukuona dalili ya kutosha ya kuwapa watu tumaini. Jozani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, chui keshapotea machoni. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni ya Marekani kikaonyesha picha ya kamera ya usiku, kikidai ndiye. Ubishi haujaisha, na mie siinunui picha moja ya gizani.

Msidhani ni mambo ya kisiwani tu. Utafiti wa 2016 ulikadiria kwamba chui duniani wamepoteza hadi asilimia 75 ya maeneo yao ya zamani. Bara bado ana pa kukimbilia. Unguja ukimsukuma kidogo yuko baharini.

Na wapo Unguja wanaosema hadi leo kwamba chui hawajaisha. Wapo, wanakwambia, ila huwaoni kwa sababu wamefichwa na wenyewe.