Pampu ya Joto na Fitina ya Jalidi

Kama umewahi kubandua barafu kwenye friji kwa kisu, huku mama anakufokea kwamba utatoboa, nusu ya historia hii unaijua tayari.

Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye ndiye Lord Kelvin, aliandika kwamba mashine inayopoza inaweza pia kupasha nyumba joto. Hata hewa ya baridi kali ina joto ndani yake; kazi ni kulihamisha tu. Miaka michache baadaye Peter von Rittinger akajenga mashine ya jamii hiyo kule Ebensee, Austria, lakini ya kuchemshia maji ya chumvi.

Halafu ikaja Zurich. Mwaka 1938 ukumbi wa jiji, uliojengwa juu ya mto Limmat, uliwekewa pampu ya joto iliyovuta joto mtoni. Ilidumu hadi 2001. Watu huisifu kwa uzee wake. Mimi naisifu kwa kuchagua mto: maji yale hutoka ziwani, hayabadiliki ghafla kama hewa.

Maana hewa ina fitina. Ili joto liingie kwenye mabomba ya nje, lazima mabomba yawe baridi kuliko hewa. Nje kukiwa na nyuzi 2, bomba liko chini ya sifuri, na unyevu wa hewa unaganda juu yake. Jalidi ikiziba, hewa haipiti. Bomba linazidi kupoa, jalidi inazidi. Na kumbe usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri una nafuu kidogo hapo, kwa sababu hewa yake ni kavu.

Dawa ni vali ya kugeuza mzunguko. Kwa dakika chache mashine inachota joto la sebuleni, inalipeleka nje kuyeyusha barafu. Yaani inawaibia wale wale iliyoajiriwa kuwapasha! Kwa hiyo swali kubwa likawa: lini? Mashine nyingi zilitegemea saa, kila dakika 30, 60 au 90. Saa haioni kitu. Usiku mkavu inayeyusha barafu isiyokuwepo. Usiku wa mvua ya theluji inachelewa.

Jibu lilikuwa na mizizi ya zamani. Mwaka 1833 Michael Faraday aliona kwamba sulfidi ya fedha ikipata moto hupitisha umeme vizuri zaidi, kinyume cha metali. Humo ndimo ilimotoka themista, kipande kidogo kinachopima joto. Weka moja hewani, nyingine kwenye bomba, mashine ilinganishe: pengo likipanuka kuliko kawaida, jalidi imeingia.

Ila ile ya bomba ikichomoka kwenye kibanio chake, inapima hewa. Mashine inaona hakuna pengo, inaendelea kunguruma usiku kucha, na asubuhi mabomba yote ni gogo moja la barafu.