Tuisheni Ilipigwa Marufuku, Gotu Haikuwahi Kuwa Nayo

Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, naona komenti zile zile: "Watoto wa kaskazini hawapendi hesabu." Ati hawapendi. Hiyo sentensi imekaa Kenya muda mrefu kuliko wengi wetu tunaosoma hapa, na leo nataka turudi nyuma tuone imetoka wapi.

Nianze na mimi. Nimekulia Isiolo mjini. Tukitoka darasani nilikuwa napita nyumbani, nabadilisha sare, nakunywa chai, kisha naenda tuisheni ya hesabu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa ametundika ubao nyuma ya nyumba yake. Mama alikuwa analipa kila Ijumaa. Sikuwa na kichwa cha ajabu. Nilikuwa na saa moja na nusu ya ziada kila siku, na usiku nilikuwa na taa.

Gotu iko upande wa Merti, pale barabara inapovuka Ewaso Nyiro. Ukitafuta jina lake mtandaoni utapata picha za maporomoko na hifadhi ya Nakuprat-Gotu, ambako Waturkana na Waborana ni majirani. Picha za twiga, sawa. Picha ya mtoto akifanya hesabu, utatafuta sana. Na ukweli ni kwamba kule jioni si muda mtupu unaosubiri kujazwa na klabu ya sayansi. Mbuzi wanarudi, lazima wahesabiwe. Mtungi wa maji unangoja. Saa kumi na mbili na nusu jua limezama, na kama nyumbani hakuna stima wala sola, siku ya kusoma imeishia hapo.

Sasa, hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1926 wakoloni waliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD, kuwa eneo lililofungwa. Kuingia na kutoka ni kwa kibali. Walichojali kule ni mpaka na magonjwa ya ng'ombe. Isiolo ilijulikana kwa karantini ya mifugo, si kwa shule. Halafu uhuru ukaja Disemba 1963, na kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini kwa sababu ya vita vya Shifta.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu shuleni tunafundishwa Mau Mau lakini hii tunarukishwa. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi kile Gaf Daba, wakati ambapo mambo yalisimama. Watu walikusanywa kwenye kambi zenye ulinzi, Garba Tula na Merti zikiwemo. Huwezi kulisha ngamia ndani ya kambi. Mifugo ilikufa, mingine ikapigwa risasi. Vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliondolewa 1991. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Watu husimulia vita vile kama habari ya bunduki tu. Mimi nakiona pia kama kisa cha karo. Kwa mfugaji, kundi ndiyo benki. Mtoto akitakiwa kwenda sekondari, unauza dume. Ukimaliza kundi la babu, umemaliza karo ya watoto na pengine ya wajukuu. Na kundi likishakuwa dogo, kila mkono unahitajika nyumbani, hata ule wa mtoto aliyepaswa kushika daftari jioni.

Katikati ya hayo, mwaka 1965, serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10. Kwa lugha rahisi ulisema pesa ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, ili zizae haraka. Ukiwa Gotu, sentensi hiyo unaielewa bila mwalimu.

Si kwamba nchi haikujua hesabu na sayansi zina shida. Mwaka 1998 ulianza mradi wa SMASSE, kwa msaada wa Japani kupitia JICA, wa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari. Ulianzia wilaya tisa, kama Kajiado, Makueni na Kakamega. Isiolo haikuwamo. Ulipofika nchi nzima baadaye, ulimkuta mwalimu darasani. Jioni ya mwanafunzi haukuigusa.

Halafu tukafika kwa marufuku. Mwaka 2012 Waziri Mutula Kilonzo alipiga vita tuisheni ya likizo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza kamba: faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia naielewa. Watoto wa mjini walikuwa wanasomeshwa mpaka wanasinzia, na wazazi wanakamuliwa pesa. Lakini angalia kilichotokea: mwenye pesa alihamisha tuisheni sebuleni kwake. Ilikuwa sheria ya kutibu ugonjwa wa kushiba, na ikaandikiwa hata yule ambaye hajawahi kula.

Ila hiyo sheria haikatazi mwalimu kukaa na wanafunzi jioni ya muhula bila kuwatoza pesa. Mnamkumbuka Peter Tabichi? Mwalimu wa hesabu na fizikia wa Keriko, shule ya kutwa kule Njoro, aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani 2019. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Yeye na wenzake walikuwa wanafundisha wanafunzi wanaobaki nyuma nje ya saa za darasa, wikendi akiwafuata hadi nyumbani, na klabu yao ya sayansi ikatoa mradi wa kuzalisha umeme kwa mimea ya pale pale. Kitu kimoja tu kinanikera: tulimpigia makofi kama mtakatifu, kisha tukaendelea kungoja watakatifu wengine. Mwalimu aliyetumwa mbali na kwao, hana nyumba shuleni wala stima, utamlaumu vipi akiondoka saa kumi?

Na wakianza klabu Gotu, tafadhali wasianze na tufaha na treni. Waborana wana kalenda ya zamani yenye majina 27 ya siku, lakini mwezi wa angani una siku 29 au 30. Kwa hiyo kila mwezi mpya jina la siku ya kwanza linasogea mbele mara mbili au tatu. Mwaka wa miezi 12 una siku 354. Gawa kwa 27, unapata 13 na baki 3. Hiyo ni hesabu ya baki, ile inayotumika hadi kwenye kufunga siri za simu yako, na wazee walikuwa wanaifanya kichwani wakitazama mwezi na nyota. Halafu mtu anaandika ati hawapendi hesabu.

Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza imeanza, na serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wachukue njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Asilimia 60 ya nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Mfuko wa Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, na ikataja vitu vinne: maji, barabara, afya na umeme. Elimu haimo kwenye orodha, lakini mimi sina shida na hilo. Leteni maji karibu na shule, mtungi uache kula jioni ya msichana. Leteni umeme darasani na kwenye nyumba ya mwalimu. Klabu ianze saa moja usiku, mbuzi wakishalala zizini.