Waliomaliza Safari na Walioachwa

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba Magellan aliizunguka dunia. Hakuizunguka. Aliuawa Ufilipino mwaka 1521. Aliyeirudisha merikebu Victoria kwao Hispania ni Juan Sebastián Elcano, na mimi siku za mwisho za safari hiyo hunisumbua.

Julai 1522, baada ya karibu miaka 3 baharini, njaa iliwalazimisha kutia nanga Cape Verde, visiwa vya mahasimu wao Wareno. Wakadanganya kuwa wametoka Amerika, wakapewa mchele. Ajabu ni kwamba hesabu yao ilikuwa Jumatano, na nchi kavu ni Alhamisi!

Kisha karafuu zao zikaonekana. Karafuu za Amerika? Zama hizo zilitoka visiwa vya Maluku tu. Wareno wakawakamata mabaharia 13 waliokwenda pwani na mashua. Elcano akatweka tanga, akawaacha.

Najua chombo kilivuja, na angengoja wangeshikwa wote. Hata hivyo nashindwa kumsifu. Tarehe 6 Septemba waliingia Sanlúcar watu 18, yaani Wazungu. Wenyeji wa Maluku waliokuwamo hawakuhesabiwa. Elcano alitunukiwa nembo yenye tufe la dunia na karafuu. Wale 13 waliachiliwa baadaye.